Seli Zinazokula Siku ya Sabato

Awendo, Jumatano

Bitutu mwanangu,

Miwa imekatwa na mbuzi amezaa mapacha. Mzee wa kanisa aliniuliza kwa nini unaenda maabara huko Nairobi siku ya Sabato. Nikamwambia unalisha seli mlizopandikiza kile kipokezi, mlango wa seli unaopokea amri ya kukua, kinachokuza uvimbe kama wangu, ili mzijaribie dawa, na zikikaa njaa zinakufa. Nikamuuliza kama ng'ombe wake hufunga siku hiyo.

Uvimbe umefika kwenye ini, na daktari amenirudisha nyumbani. Dawa yenu haijajaribiwa hata kwa panya, kwa hivyo usiniambie nisubiri.

Nimemwagiza ndugu yako Onchiri kwamba nikifa anizike siku ya Jumapili. Jumamosi hiyo ya Sabato lisha seli zako kwanza, ndipo upande gari la kuja kunizika.

Mama yako,
Gesare