Mibangi ya Mama Imevimbiwa

Tacuarembó, 9 Januari

Zully mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi tupo, joto linatuunguza, mama yako yu vilevile. Wewe hujambo huko Montevideo? Kazi kwenye klabu yenu ya wakulima wa bangi inaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sisikii kitu, nawe huna subira ya kupiga makelele.

Nina shida. Ile mibangi sita ya mama yako, tuliyoiandikisha serikalini, inaugua. Ncha za majani zimegeuka njano, kisha kahawia, na ukizigusa zinavunjika kama biskuti. Jani lenyewe limekuwa la kijani kizito, karibu na weusi, na limejikunja kwenda chini kama ukucha wa kuku. Nikajua ni njaa. Nikaongeza mbolea ya chupa. Ikazidi kuugua. Nikaongeza tena.

Mafuta tuliyotengeneza kwa maua ya mwaka jana yamebaki kidogo chini ya kichupa. Bila hayo mama yako halali, mifupa inamuuma mpaka anang'ata shuka. Dawa za daktari zipo, lakini mwenyewe anasema zinamfanya asijijue. Mibangi hii ikifa, sijui nitamwambia nini. Nijibu upesi, mpe barua dereva wa basi.

Mimi usinihofie. Sijisikii vibaya. Sijisikii chochote.

Baba yako,
Elbio

Montevideo, 13 Januari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Nisalimie Mama, mbusu paji la uso kwa niaba yangu.

Baba, weka hiyo chupa chini! Mibangi haina njaa, imevimbiwa. Ingekuwa njaa, majani ya zamani ya chini ndiyo yangeanza, tena jani zima lingepauka. Yako imeanza kwenye ncha, na kijani kimezidi. Chumvi ya mbolea imejaa kwenye udongo, mizizi inaungua.

Fanya hivi. Mwagia kila chungu maji matupu, polepole, mengi, mpaka yanayotoka chini yawe maangavu. Halafu uiache. Udongo ukauke hadi ukinyanyua chungu ukione chepesi, ndipo umwagie tena, maji tu. Ncha zilizoungua hazirudi kijani, usizikodolee macho. Tazama majani mapya ya juu. Yakitoka safi, imepona. Baadaye utaipa mbolea robo ya kipimo cha kwenye chupa, basi.

Na useme kweli: umeiwekea nini kingine? Nakujua.

Mama anakula? Mimi nakwenda kazini, narudi, nalala. Watu wakiniuliza habari zake nawajibu kama ninayesoma tangazo la duka.

Binti yako,
Zully

Tacuarembó, 28 Januari

Marahaba, binti yangu.

Tunashukuru, tumeamka. Umenikamata. Niliiwekea mavi ya kondoo, mabichi, yana moto bado, kutoka zizini kwa jirani yetu Ademar. Maisha yangu yote nimenenepesha kondoo. Mnyama akikonda unamwongezea. Ademar alipoona alicheka mpaka akashika ukuta. "Elbio, na manyoya utainyoa lini?" Mshenzi huyo. Nimeyazoa yote, nimemwaga maji kama ulivyosema, na majani mapya ni safi kabisa. Wewe ni fundi, nakiri.

Mama yako hali. Nampikia supu ya kondoo, nampondea boga, nampa maziwa mazito ya sukari, yale aliyokuwa akiyaiba kwa kidole na kunisingizia mimi. Anafunga meno. Nasubiri apige miayo, napitisha kijiko. Juzi alitapika akalia. Irma, muuguzi anayekuja nyumbani, akanigombeza: "Don Elbio, tumbo lake limeacha kazi. Unamtesa!" Nikamwonyesha mlango.

Mgonjwa haulizwi uji. Asiyekula anakufa, hilo hata kondoo analijua. Mwandikie huyo mwanamke umweleze, wewe una maneno.

Baba yako,
Elbio

Montevideo, 3 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini joto limepungua na mgongo wako haukusumbui.

Sitamwandikia Irma. Irma amesema kweli. Nimezunguka chumbani kutwa nikitafuta namna ya kukuambia, sikuipata, basi nakuambia hivi hivi. Mama hafi kwa sababu hali, Baba. Hali kwa sababu anakufa. Akitaka maji, mpe. Akikataa kijiko, kiweke chini.

Nimeyaandika haya bila chozi hata moja, na hilo linanitisha kuliko kulia. Nisamehe kama nimekuvunjia heshima.

Binti yako,
Zully

Montevideo, 24 Februari

Baba, shikamoo.

Hamjambo huko? Barua yangu ilifika? Dereva anaapa kwamba alikukabidhi mkononi. Mibangi sasa itakuwa inaanza maua. Usiipe kitu, hata ikikuangalia kwa huruma. Nijibu, Baba. Hata matusi nitayapokea.

Binti yako,
Zully

Tacuarembó, 7 Machi

Zully,

Hujambo. Barua yako niliitia kwenye moto wa jiko. Siku nyingi sikutaka hata kulitaja jina lako humu ndani. Nilisema nimezaa jiwe.

Kisha Jumapili nilikuwa na bakuli mkononi, mama yako akanishika kifundo cha mkono. Nguvu hana, lakini alishika. Akasema, "Mzee mkaidi wewe. Nimeshiba tangu Krismasi." Nikaweka kijiko chini. Nilingoja nione kama moyo utapasuka. Haukupasuka. Nilikaa tu kama gogo.

Sasa simlazimishi. Namlowanisha midomo kwa chai yetu ya yerba, chungu kama anavyoipenda, na hatapiki tena. Irma amerudi, nimemwomba radhi, amenisamehe kwa kelele nyingi. Matone ya mwisho ya mafuta nampa jioni, analala. Mibangi ina maua mazuri, lakini bado machanga. Hayatamuwahi. Nimekwisha kuliona hilo.

Anakuulizia. Njoo, mwanangu. Usibebe chakula.

Baba yako,
Elbio

Montevideo, 12 Aprili

Baba, shikamoo.

Nilifika salama, nimerudi kazini. Ademar amenipigia simu, anasema umevuna mibangi na maua yote umempa Irma, ampelekee mgonjwa wake mwingine anayeumwa mifupa kama Mama. Umefanya vizuri. Nadhani nimefurahi. Furaha yangu bado haina ladha, wala huzuni haina, lakini nadhani nimefurahi.

Kuna jambo sikukuambia wakati wa mazishi. Ile asubuhi ya mwisho, ulipotoka mbio kumwita Irma, Mama alifumbua macho. Alinitambua kabisa. Nikainama, nikajua ananiaga. Akaniuliza, "Baba yako amekula?"

Nikamwambia amekula, tena ameongeza sahani ya pili. Akasema, "Haya." Akafumba macho. Hakusema neno jingine.

Ulikuwa hujatia kitu mdomoni tangu juzi yake. Na Ademar anasema mpaka leo haoni moshi kwenye dohani yako.

Kula, Baba. Mimi nimeshamwambia umekula.

Binti yako,
Zully