Vumbi la Barazani Kwako

Shemeji mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Natumaini mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu, na cherehani yako bado inalia. Sisi huku tu wazima wa mwili. Watoto wanakuamkia, baba yao mkubwa, ingawa yule mdogo kabisa hakujui ila kwa hadithi. Moyo ndio haujapona, wala sidhani kama una haraka.

Tulimzika mdogo wako Jumamosi. Nilikutumia ujumbe, sikukuona, wala sikulaumu. Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Walikuja wakubwa waliovaa suti zilizoshonwa kwenye karakana yake, na mchungaji akasema mengi mazuri. Lakini aliyenitoa machozi ni fundi wa vifungo, aliyesema hajawahi kuona tajiri mwingine anayegombania ufagio na wafanyakazi wake.

Unaikumbuka ile suruali? Alipokuwa mwanafunzi wako alikata kitambaa cha mteja, miguu yote miwili ikawa ya kushoto. Ulicheka hadi ukakaa chini, ukamwita Sindano Butu, kisha ukanunua kitambaa kingine bila mteja kujua. Suruali ile aliitunza. Karakana ilipokua, pale ambapo wenzake hutundika vyeti, yeye aliitundika hiyo. Wageni wakiuliza, aliwaambia ndiyo shahada yake, na kwamba Mungu akimwinua mtu humwachia kitu cha kumkumbusha alikookotwa. Nilimtania kwamba angalau aipige pasi. Alikataa katakata, alisema mikunjo ile ni ya siku uliyomsamehe.

Kilichowatenganisha nakijua. Siku ya kufungua karakana, mlinzi aliziona ndara zako akakuelekeza mlango wa nyuma, nawe ukarudi nyumbani. Mdogo wako alipoambiwa, aliacha hotuba katikati akakimbilia barabarani. Ulikuwa umeshaondoka. Akatuma wazee wa kanisa wakuombe radhi, ukawajibu kwamba wewe humjui bosi yeyote. Kama yuko mwanafunzi wako, basi na aje kama mwanafunzi. Waliporudi na jibu hilo alikunywa chai iliyokwisha kupoa, akasema umesema kweli. Nilidhani yameishia hapo.

Shemeji, lililobaki hata mimi nimelijua juzi tu. Dereva wake alikuja baada ya mazishi, akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema kwamba tangu jibu lako lile, kila alfajiri bosi alimtaka asimamishe gari mbali, kwenye kona. Bosi alikuwa akivua koti, akitembea kwa miguu hadi kwako, akifagia baraza na kulinyoosha benchi la wateja, kisha akiondoka kabla hujafungua. Mimi nilikuwa nikimgombeza kwa vumbi la kwenye pindo la suruali, naye akinijibu eti kazini kuna upepo. Dereva anasema siku moja yeye mwenyewe alipita kwako mchana, akakusikia ukimshukuru jirani yako kwa wema huo.

Alimuuliza bosi wake kwa nini asibishe hodi tu, yakaisha. Akajibiwa kwamba mwanafunzi hamgongei fundi wake mlango. Hufagia, kisha hungoja aitwe. Na kama Bwana mwenyewe aliinama akaosha miguu ya wanafunzi wake, yeye ni nani hata auonee haya ufagio wa kaka yake.

Alingoja hadi alipolazwa. Siku za mwisho, ulimi ukiwa mzito, alikuwa akiniuliza kama kumepambazuka. Nilidhani anaulizia dawa.

Sikuandikii ili ujute, mwenyewe asingenisamehe. Nakuandikia kwa sababu najua siku hizi baraza lako lina vumbi, na hakuna aliyekuambia kwa nini. Najua pia kwamba Bwana atamwita siku ile, naye ataitika. Lakini kuna sauti nyingine aliyokuwa akiingoja. Kaburi liko nyuma ya kanisa, karibu na ukuta. Njoo, shemeji, usimame hapo, umwite. Jina unalijua.

Pokea salamu za watoto, na za mafundi wote wanaokufahamu kwa ile suruali. Mungu akutunze hadi tutakapoonana.

Ni mimi shemeji yako,
mke wa Sindano Butu.