Maharage Waliyokula Wageni wa Serikali

Mjukuu wangu mtoro,

Misimu miwili ya mvua imepita hujatia mguu hapa. Umevunjika? Anayeniandikia ni jirani yetu fundi cherehani, maana mimi na kalamu hatujuani.

Juzi walikuja mabwana wa serikali. Wanasema nchi ina sera mpya: mbegu za asili zitunzwe, zitumike bila kumalizwa. Yale maharage yetu ya madoa wameyatafuta kote, wakaambiwa yamebaki kwangu tu. Kwa furaha nikawapikia yote. Wakaramba vidole.

Mkubwa wao akapangusa mdomo. "Bibi, sasa tuonyeshe mbegu."

"Baba, si ndizo umemaliza sasa hivi?"

Akachungulia chungu. Mgeni ashinde njaa huku natazama kibuyu cha mbegu?

Ila walipoondoka nilipekua kila kibuyu, sikupata hata punje. Mbegu ile alinikabidhi mama siku naolewa. Ndipo nikakumbuka kopo la maharage hayohayo nililokufungia ulipohama.

Lilete Jumamosi. Ukikuta mkeo ameshayaloweka, usigombane naye: yatoe majini, yafunge kwenye kitambaa kibichi, upande gari hivyohivyo. Yakichipua njiani, ukifika usiingie ndani kunisalimu. Nitakuwa shambani na jembe lako.

Bibi yako asiyekuchoka