Niliondoa picha ya Gédéon, mama yake akaweka matanga

Mama Philomène mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni msomaji wa safu yako ya kila Jumatano hapa Kindu, na leo ni mimi ninayeomba msaada, kwa sababu nimefika mahali ambapo hata nikipiga magoti kusali maneno hayatoki, kwa maana najua kwamba kabla ya kusema na Mungu kuna mama mmoja ninayepaswa kusema naye kwanza.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa sekondari, nafundisha katekisimu parokiani, na tangu miaka tisa ni msimamizi wa blogu moja ya watu wa Kindu. Aliyeianzisha ni mtoto wa dada yangu, Arsène, anayekaa Kisangani. Yeye anashughulikia sura ya blogu na mambo ya mashine, mimi nasoma yanayotumwa na kuamua lipi lipite na lipi lisipite. Mwanzoni tulikuwa watu arobaini, wengi wa kwaya, na leo tuko maelfu, hadi watu wa Ulaya wanaandika.

Ukurasa unaopendwa kuliko yote ni ule wa wanaotafutwa, waliopotea wakati wa vita: picha, jina, alionekana mara ya mwisho wapi. Na tangu mwanzo desturi ni moja, hakuna aliyeiandika lakini kila mtu anaijua: tangazo linakaa mpaka mtu apatikane, au mpaka familia ipate hakika kwamba amekufa. Likiondoka, habari imefika.

Mwezi wa saba Arsène akanipigia simu. "Tantine, blogu imekuwa nzito, mtu mwenye simu ndogo hafungui tena, mega za intaneti zinaisha mbele picha haijatokea. Nabadilisha sura yote. Unichagulie matangazo ya zamani, niyaondoe." Nikachagua. Mama Philomène, nilikuwa nasonga bugali, simu nimeibana kwa bega, nikamtajia kumi na tisa ambayo watu walikuwa wameacha kuandika chini yake, nikasema haya, ondoa hayo. Hatukuandika hata mstari mmoja wa kuwaeleza watu.

Moja lilikuwa la Gédéon. Mwaka 2002, mji ulipozungukwa na chakula kukosa, alitoka na baiskeli kwenda upande wa Kalima kutafuta mihogo, hakurudi. Mama yake, Mama Victorine wa Alunguli, ng'ambo ya mto, hajui kusoma, lakini kila Jumapili baada ya misa binti yake Divine alikuwa anamfungulia simu ili amwangalie mtoto wake. Mimi ningejuaje? Mtu anayeangalia tu haandiki kitu.

Jumapili iliyofuata hawakumkuta. Divine alitafuta juu, akatafuta chini. Mama akauliza, "Wamemuondoa?" Divine akajibu, "Wamemuondoa." Mama akakaa chini akaanza kulia, majirani wakaja, na matanga yakawekwa hapo hapo.

Jumanne sisi wamama wa parokia tukavuka mto kwenda kutoa pole. Niliambiwa tu kwamba kuna mama amepata habari ya mtoto wake. Kuingia, nikaona ile picha yetu ya blogu, wameichapisha kwenye karatasi, iko mezani na mshumaa. Mama Victorine akanishika mikono yote miwili. "Mama ya blogu, aksanti. Mumenifungua. Miaka makumi mbili na mbili sijafunga mulango yangu na kufuli." Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Nilisema, "Pole, mama," nikakaa kwenye mkeka, nikaimba pamoja na wengine.

Na kuna baya zaidi. Kwenye blogu watu walianza kutuma pole kwa familia ya Gédéon, na mimi njo nilizipitisha, mimi mwenyewe. Ya kwanza na ya pili nilipitisha kwa kutoelewa. Zile nyingine ishirini na tisa nilielewa vizuri.

Sasa wiki kadhaa zimepita, mama analala, anakula, amenona hata uso. Amekubali kwenda kukaa Lubutu kwa mwanawe mkubwa, Félicien, jambo alilolikataa miaka yote ("Gédéon akirudi akute nyumba iko tupu?"). Jumamosi hii wanamaliza matanga. Na Divine amekuja kwangu na ujumbe wa mama yake: "Mama anasema wewe njo unajua. Utasimama mbele ya familia utuambie alikufia wapi. Hata jina ya kijiji tu, tujue tunaangalia upande gani tukimuombea."

Arsène anasema, "Tantine, acha. Miaka yote hiyo, nani haoni kwamba amekufa? Umempa mama usingizi, sasa unataka kumunyang'anya?" Na mimi, Mungu anisamehe, nimekwisha kuchagua kijiji. Nimelitaja jina lake kwa sauti, peke yangu nyumbani, kusikia kama linaaminika.

Niseme ukweli, au ninyamaze?

Mwenye ulimi mzito, Mikelenge

*

Dada yangu wa Mikelenge,

Kaa kwanza, unywe maji. Hukumtendea mama huyu ubaya kwa kutaka. Miaka tisa umesoma matusi ya watu ili wengine wasiyasome, bila mshahara, na siku moja, mwiko mkononi, ukachagua vibaya. Hilo linasamehewa. Sijakuweka bado pamoja na waongo, lakini ukisimama Jumamosi na kijiji chako mdomoni, nitakuweka, na sitasikia habari ya katekisimu.

Maana hebu tuifuate hiyo habari yako. Umetaja kijiji. Unafikiri Félicien atarudi Lubutu tu? Atatafuta pikipiki aende huko, aulize kaburi la mdogo wake, na wenyeji watamtazama. Halafu atarudi kwako. Utamtajia kijiji cha pili?

Usingizi wa Mama Victorine ni wa kweli, na ndiyo maana barua yako imenitesa siku mbili. Mimi pia ukiniuliza nitasema Gédéon amekufa. Lakini huko ni kudhani kwangu, na kwa Arsène, na kwako. Mama huyu hakulia kwa sababu ya kudhani. Amelia kwa sababu anaamini kuna mtu aliyeona, na kwamba wewe umeongea na mtu huyo. Anahama nyumba yake kwa ajili ya shahidi asiyekuwako.

Na hapa nikukemee kidogo, dada. Umeniandikia mengi juu ya mama mmoja. Uliondoa matangazo kumi na tisa. Hao wengine kumi na wanane wana mama pia. Nani analia huko Kibombo leo? Nani amekwisha kuolewa tena? Hujui, kwa sababu hujauliza.

Kwa hiyo mpigie Arsène ukimaliza tu kusoma. Matangazo yote yarudi leo. Kama picha ni nzito azifanye ndogo, hiyo ndiyo kazi yake, na mwambie kwamba usingizi wa Mama Victorine haukuwa wake kuugawa. Juu ya ukurasa muandike kwa herufi kubwa kwamba mliondoa matangazo wakati wa kubadilisha blogu, kwamba hakuna habari yoyote mpya, na kwamba mnaomba msamaha. Kuanzia sasa tangazo lisiguswe kabla familia haijapigiwa simu. Zile pole thelathini na moja usizifute kimyakimya, kimya chako kimefanya kazi ya kutosha. Muulize Divine.

Lakini mambo mawili yangoje: maandishi hayo na picha ya Gédéon visitoke kabla hujafika Alunguli. Uende mwenyewe. Usimtume padri wala Divine, wala usiende na wamama wote wa parokia. Mwambie: "Mama, sina habari ya Gédéon. Niliondoa picha yake kwa sababu ukurasa ulikuwa mzito. Nilikosa, halafu niliogopa kukuambia." Halafu nyamaza. Usimweleze mega.

Anaweza kukufukuza. Toka, ukae nje, usiende mbali. Anaweza kusema picha irudi, na Lubutu haendi tena. Irudi saa hiyo hiyo. Au anaweza kusema, "Nimekwisha kumulilia mutoto wangu, sitamulilia mara mbili," na akayamaliza matanga yake kama alivyopanga. Ni haki yake, na akifanya hivyo nenda Jumamosi ukaoshe sahani, hakuna atakayekuambia usimame useme. Usimsukume upande wowote. Ulikwisha kuamua mara moja badala yake.

Unasoma haya Jumatano, na majina nimeyabadilisha ili habari isikutangulie. Vuka kesho asubuhi. Ijumaa wanawake watakuwa wanatwanga majani ya mihogo ya sombe uani na wageni wa Lubutu watakuwa wamefika, na mama akitaka kubadilisha neno lake hatapata nafasi ya kulisema.

Mama Philomène