Punda wa Mashindano na Mtani Wetu

Morogoro, 26 Februari 1956

Mjomba Severini,

Shikamoo. Mimi mzima. Je, mgongo wa Mama Benedikto umepona? Leo naapa kukueleza yote, hata yatakayokuudhi.

Krismasi nilipokuja Gairo nilimwogesha punda wako Kishada. Chini ya gunia la mgongoni ana donda linaloingia vidole. Kwato ya mguu wa nyuma imepasuka. Wiki nzima anabeba karanga zako, kisha siku ya mashindano kijana wako Andrea anampanda na kumchoma kwa fimbo yenye msumari ili wewe uitwe bingwa. Nakuomba asikimbie Jumatatu ya Pasaka.

Mpwa wako,
Yuliana


Gairo, 8 Machi 1956

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo wa Mama Benedikto umepona kuliko wa punda wako. Nilikupeleka shule ujifunze kuandika, sasa unaniandikia kama Bwana Shauri wa serikali! Kishada ni punda, si padri. Kwato nimeipaka grisi. Hatibu anatamba sokoni kwamba punda wake atatuacha vumbini. Nikimtoa Kishada nitauficha wapi uso wangu? Akishinda Pasaka nitampumzisha. Wewe soma vitabu vyako.

Mjomba wako,
Severini


Morogoro, 18 Machi 1956

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru mko salama. Lakini "nitampumzisha" maana yake nini? Tumbili, punda wako wa zamani, naye ulimpumzisha alipoanza kuchechemea. Ulimfungulia jioni nje ya boma, ukaingia ndani kula, na asubuhi fisi walikuwa wamemmaliza. Punda aliyekupa ushindi miaka yote ile! Na grisi ni ya baiskeli, mjomba.

Nimekuomba kwa adabu, umenifanyia mzaha. Basi nimemwandikia Bibi Chausiku, muuza vyungu wa hapo sokoni. Yeye ni mtani wa ukoo wetu, na unajua kwamba mtani akishika kitu chako mbele za watu, huna ruhusa ya kukasirika. Nakuambia mapema kwa sababu sitaki kukuvizia.

Mpwa wako,
Yuliana


Gairo, 9 Aprili 1956

Yuliana,

Hapa wote wazima, isipokuwa mimi.

Jumatatu ya Pasaka punda walikuwa wamekwisha kupangwa mstari. Chausiku akaja kajifunga kanga kiunoni, akashika kamba ya Kishada. "Severini, huyu leo wangu! Mgongo umemwoza kama mdomo wako!"

Nikamwambia, "Mama, niachie, Hatibu ananingoja."

"Kimbia naye wewe! Si una miguu miwili mizima?"

Watu wakavunjika mbavu. Ningenuna, ningekuwa kichekesho hadi Dodoma. Nikacheka huku meno yananiuma. Hatibu akashinda, na tangu siku hiyo hanisalimii, ananililia kama punda.

Nikafuata desturi, nikampelekea Chausiku jogoo ili nimgomboe mnyama wangu. Kampika, kamla, kisha anasema jogoo hatoshi, anataka na ahadi kwamba nitamtunza. Umeridhika? Kishada amelala kwenye majani kwake kama chifu.

Halafu hilo donda, huko shuleni wanasema lioshwe kwa nini?

Mjomba wako,
Severini


Morogoro, 15 Aprili 1956

Mjomba,

Shikamoo. Pole na Hatibu. Nilicheka, unisamehe.

Donda lioshwe kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na inzi wasitue. Asibebe mzigo wowote mpaka nyama ijae. Kwato ichongwe na mtu anayejua, na grisi irudi kwenye baiskeli.

Nilipofika kwenye swali lako nilifurahi sana, maana mtu haulizi dawa ya mnyama anayetaka kumpa fisi. Usiku nikashindwa kulala. Nilikumbuka kwamba hata Tumbili ulimkanda mguu kwa maji ya moto, kila alipokuwa na mashindano mbele yake. Bibi Chausiku anasema ukitoa ahadi atakurudishia, nami ndiye ninayepaswa kumwambia kama nakuamini. Natamani kukuamini, mjomba.

Basi nijibu kwa posta ya kwanza, na safari hii bila utani: unataka Kishada apone ili aishi, au apone ili umshinde Hatibu?

Mpwa wako,
Yuliana