Kiraka cha Belgrade

Lohrbeck,
Jumapili ya pili ya Agosti

Kwa mdogo wangu Volker,

Salamu. Nakusalimu kwa sababu barua huanza hivyo na kwa sababu Mama alitufunza adabu, si kwa sababu nina hamu nawe. Huku mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikisimama sana kibandani, lakini bado nauza magazeti, bia na pipi kama kawaida. Natumaini wewe na mkeo Constanze hamjambo, na watoto pia. Watoto hawana kosa.

Barua ya wakili wako ilifika Jumanne. Niliifungua mbele ya wateja nikidhani ni mambo ya umeme, na kabla sijaikunja walikuwa wameshaelewa yote. Mmoja akaniuliza kama huko Munich hata salamu za Krismasi mnatumiana kupitia mawakili. Mwingine akasema tumwache dada wa watu, mdogo wake anashangilia timu yenye makombe mengi mpaka hana tena nafasi ya kuweka akili. Nilicheka, Volker. Zamani ningekutetea.

Kwa hiyo unataka kizibao cha Baba. Wakili anakiita vazi la jinzi lisilo na mikono, lenye nembo za kushonwa, utadhani kimeokotwa kwenye treni. Anasema utakitia kwenye fremu ya kioo na kukitundika ofisini. Constanze naye alinipigia simu na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama kizibao kimewahi kufuliwa, maana anamjua dobi mzuri. Nilimkatia simu. Wewe umezaliwa Lohrbeck. Unajua kizibao cha shabiki hakitiwi majini hata siku moja, na kama mkeo hajui, ulipaswa kumwambia kabla hujamchumbia.

Sentensi moja katika barua ile ndiyo iliyonikaa kooni. Umemwambia wakili aandike kwamba kizibao ni haki yako kwa kuwa wewe ndiye uliyekilipia, kwa utoto wako. Haya. Tukihesabu malipo, tuhesabu vizuri.

Kila safari ya klabu yetu, Concordia, barani Ulaya ina kiraka chake pale. Mgongoni, chini, kuna cha Aberdeen, cha mwaka sitini na nane, Kombe la Washindi. Baba alikuwa kijana hajaoa. Tulitoka sare nyumbani, sare ugenini, na muda wa nyongeza ukaisha hivyo hivyo, ndipo mwamuzi akarusha sarafu na nahodha wetu akachagua upande usiotokea. Baba alisema hakuwahi kuona wanaume wazima wa mgodini wakitukana sarafu. Kando yake kuna Malmö, ambako tulifungwa manne, na Basel, ambako tulishinda na basi likaharibika milimani. Na kifuani, upande wa moyo, ndiyo ile Belgrade. Robo fainali ya Kombe la UEFA, Machi themanini na tatu, mabao mawili kwa moja kwenye theluji. Klabu yetu haijawahi kupata siku kubwa kuliko ile. Nusu fainali tulitolewa, baadaye tukashuka daraja, tukashuka tena, tukafilisika, tukacheza na timu za vijiji ambavyo hata padri wao hucheza winga. Viraka vikaishia hapo.

Najua Belgrade ni nini kwako. Ulikuwa na miaka tisa. Tumbo lilikuuma tangu asubuhi, Baba akasema ni pipi, akapanda basi na wenzake. Mchana kidole tumbo kikapasuka. Mimi nilipelekwa kwa Bibi, na wewe ukapasuliwa. Ulipozinduka ulimwita Baba, na Mama akakujibu kwamba baba yako yuko Belgrade. Hukulisahau jibu hilo. Ulipofika miaka kumi na sita ukajifunga skafu ya klabu ile kubwa ya Munich ukapita nayo sebuleni mbele yake, na alipokuuliza unafanya nini ukamwambia unataka timu isiyohitaji baba wa mtu ili ishinde. Hakukupiga. Nilishangaa sana hakukupiga.

Na sasa mwezi uliopita, kwenye mazishi yake. Mzee amekufa akijua kwamba Concordia imepanda tena, imemaliza ya saba kwenye ligi kuu na inarudi Ulaya baada ya miaka zaidi ya arobaini. Alikuwa akilala na ratiba ya mechi chini ya mto. Watu wa jukwaa letu wamekuja na bendera, wamevaa vizuri. Wewe ukasimama na koti lako zuri ukasema kwamba Baba alikuwa na watoto watatu, Gudrun, Volker na Concordia, na kati ya hao alimpenda mmoja tu. Kisha ukaondoka kabla hata kahawa haijamiminwa. Hukumpa mkono mtu yeyote. Uliniachia keki za watu sitini na aibu ya watu mia. Nilikuchukia pale makaburini, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Ni vizuri uliondoka, kwa sababu usingevumilia kilichofuata. Siggi Pawlak, yule rafiki wa Baba tangu mgodini, alikaa pembeni na sahani yake asile. Nikamwambia asijali, Volker ndivyo alivyo. Akaniambia nifunge mlango wa jikoni. Nikafunga. Akasema, “Gudrun, baba yako hajawahi kufika Belgrade.”

Nilidhani uzee umemzidi. Nikamuuliza kiraka kile kimetoka wapi basi, akasema amekinunua yeye. Nakuandikia alivyonieleza, bila kukupunguzia.

Basi lilisimama kituo cha mafuta karibu na Würzburg. Baba akaingia kibanda cha simu, akapiga nyumbani, kimya. Akampigia jirani wa chini, akaambiwa umekimbizwa hospitali. Akarudi kwenye basi kuchukua begi lake tu. Wenzake walimkejeli: “Ewald, mkeo kakuvuta kamba mpaka huku?” Siggi anasema alishuka na begi lake. Alidandia lori la kreti za bia kurudi kaskazini, na asubuhi yake alikuwa mlangoni mwa hospitali.

Mama ndiye aliyemkuta pale. Siggi aliyasikia haya kwa Baba mwenyewe, na aliyakariri kama mtu aliyeyabeba muda mrefu. Mama alimwambia, “Ulimwambia mtoto ni pipi. Ulichagua. Nenda Belgrade yako, na nyumbani usitie mguu mpaka basi lenu lirudi.” Baba akamwomba akuone japo kupitia kioo. Mama akakataa. Akasema ukizinduka utaambiwa baba yako yuko mpirani, maana kama si simu ile ya Würzburg ndiko angekuwa, na huo si uongo.

Kwa hiyo alikwenda kwenye kibanda cha bustani ya akina Siggi, akalala kati ya majembe na mifuko ya mbolea. Hilde, mke wa Siggi, alimpelekea supu. Unakumbuka tulivyokuwa tukimtania kwamba Belgrade anasimulia goli la kwanza kwa dakika kumi, na la pili halisimulii kamwe? Wewe ulisema alikuwa amelewa. La kwanza alilisikia redioni, Volker. La pili hakulisikia kwa sababu alikuwa amezima redio, amekwenda kusimama nje ya uzio wa hospitali, anatazama madirisha asijue lipi ni lako. Hilde alimkuta huko bado ameshika bakuli lake la supu.

Basi liliporudi, alirudi nalo, yaani aliingia nyumbani saa ileile wenzake walipoingia kwao. Siggi alikuwa amewaapisha wenzake wa basini wasiseme, na amemletea kiraka ili asichekwe baani. Baba hakukitaka. Mama ndiye aliyekichukua, akakishona kifuani kwa mkono wake, akamwambia: “Ulikwenda. Hivyo ndivyo mtoto atakavyojua.” Na yeye akatii. Aliyoyasimulia juu ya theluji na makofi na mlevi aliyevuka uwanja, yote alifundishwa na Siggi.

Nilimuuliza Siggi kwa nini hakusema hata Mama alipofariki. Akasema alimsihi Baba mara nyingi. Baba alimjibu kwamba mtoto akishamchukia baba amezoea, lakini ukimwambia leo, atamchukia na mama aliyekwisha kufa, na hapo atabaki bila mtu. Nimejaribu kumkasirikia Mama tangu siku ile. Wakati mwingine naweza. Kisha namkumbuka akiwa peke yake kwenye ule ujia wa hospitali, na basi limeshaondoka, na siwezi tena.

Wewe, hata hivyo, naweza kukukasirikia bila shida. Usidhani nakuandikia haya ili nikupoze. Nakuandikia ili yakuume. Ulipata miaka arobaini ya kumuuliza mzee swali moja la goli la pili, ukaona ni rahisi zaidi kubadilisha skafu. Na yeye alikubali kuwa mtu mbaya wa hadithi yako, akanyamaza, akaketi kibandani kwangu kila Jumamosi akiniuliza kama Volker amepiga simu.

Kuhusu kizibao, mwambie wakili wako asijisumbue. Nimekata shauri. Jana nilikaa dirishani na mkasi mdogo, nikafumua nyuzi za Mama moja moja. Ni nyuzi nene, alishona kwa hasira, na zilinichukua muda. Kiraka cha Belgrade kimo ndani ya bahasha hii. Kukitia kwenye kioo au kukitupa ni juu yako. Safari nyingine zote Baba alizifanya kwa ajili ya Concordia, na hizo zinabaki hapa Lohrbeck kwangu. Hii peke yake aliikatiza kwa ajili yako, na hata kitandani kwako hakufika.

Alhamisi tunacheza na timu ya Iceland. Cheka tu, nyinyi mliozoea Jumatano za Ligi ya Mabingwa na vigogo. Sikualiki. Nitasimama mahali pake na kizibao chake, na kifuani pana doa la jinzi mpya, rangi ya buluu kabisa, ambayo jua halijaiona tangu themanini na tatu. Watu wa jukwaa lile wana macho. Watauliza Belgrade imekwenda wapi. Nitawaambia iko Munich, kwa mwenyewe.

Wasalimie watoto, na uwabusu kwa niaba yangu. Constanze mpe heri. Wewe kaa na hicho kitambaa kwanza, ndipo utafute la kuniambia.

Ni mimi dada yako, upende usipende,

Gudrun Brzoska