Chupa ya Lupe

Safotu, Savaii
2 Septemba

Mwanangu Penina,
Hujambo huko Oklandi? Sisi wazima hapa kisiwani, ila nguruwe wa mchungaji wamenimalizia magimbi yangu ya taro. Nasikia mjukuu wangu Lupe anachomwa sindano za kisukari kila siku. Mtoto wa miaka tisa! Mimi nina kisukari hicho hicho, nikaacha sukari, nikatembea, mpaka kliniki wakanipunguzia vidonge. Mwache aje Oktoba kwa Jumapili Nyeupe, asome mstari wake wa Biblia kanisani na watoto wenzake; sindano zibaki huko huko. Kwangu sukari nimeshaifukuza. Nitamponya.
Mama yako, Fuatino

Oklandi
14 Septemba

Mama mpenzi,
Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama, yako ni aina ya pili: insulini unayo, ila mwili hauitumii vizuri, ndiyo maana kutembea kunakusaidia. Lupe ana aina ya kwanza. Mwili wake hautengenezi insulini. Bila sindano atakufa. Tena akidungwa asile vya kutosha, sukari yake hushuka, anatetemeka. Hapo apewe kitu cha sukari mara moja. Shangazi yake yuko tayari kumleta, lakini kama huamini, haji. Naandika nikilia.
Mwanao, Penina

Safotu
27 Septemba

Penina,
Salamu. Nilinuna, sikufichi. Kisha nikaenda kwa muuguzi nikitegemea atakucheka wewe. Akanicheka mimi. Aje na shangazi yake, na sindano zake. Samaki wangu nimewatoa kwenye friji, rafu nzima ni ya insulini yake.
Mama

Safotu
14 Oktoba

Mwanangu,
Lupe mzima, hilo kwanza. Jana asubuhi alidungwa, lakini kwa furaha ya gauni jeupe hakumaliza chakula. Kanisani, katikati ya mstari wake, nikaona mikono inatetemeka. Nikaenda mbele mbio, goti na yote, nikachomoa kifuani chupa ya maji ya sukari. Mchungaji akasubiri. Mtoto akanywa, akapumzika, akasimama tena na kumaliza mstari wote. Nililia mbele za watu. Wanawake wa kamati ya kijiji, ninaowagombeza kila siku kwa chai yao tamu, wananicheka mpaka leo. Wacha wacheke.

Mezani tuliwahudumia watoto kwanza. Lupe akajipima sukari kidoleni, akakadiria wanga wa taro yake, akajidunga. Kisha akasema, "Bibi, lete na chako." Changu kikasoma juu kuliko chake. Akaniuliza nimekula nini. Nikasema pudini ya nazi, kidogo tu. Akanitazama kwa jicho lako lile lile, akanishika mkono, tukaenda kutembea.

Mwakani aje tena. Sukari ipo.
Mama yako